ALAMU YA GARI HAIMJUI MWIZI



Vikundi vingi vimeanza kumiliki gari. Wengine wana pikapu ya kubeba maziwa au mboga, wengine wana matatu, na wale walioanza juzi wana pikipiki moja ambayo wanachama huendesha kwa zamu. Mali kama hiyo ni jasho la watu wengi, na mara nyingi ina deni juu yake. Ikiibiwa usiku mmoja, deni halifi pamoja nayo. Kwa hivyo si ajabu kwamba tunapotembelea vikundi tunaulizwa mara kwa mara: Je, tukiweka alamu, gari letu litakuwa salama?

Katika somo hili tutajibu kwa kueleza yaliyotupata sisi wenyewe. Tulianza kikundi chetu Makongeni, Nairobi, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli karibu na Barabara ya Jogoo. Mwaka wa 2012 tulinunua pikapu iliyotumika, ya kwenda Marikiti alfajiri kuchukua mboga. Nusu ya bei tulichanga na nusu tukakopa. Hatukuwa na ua wala geti, hivyo pikapu ililala nje, mwisho wa safu ya nyumba, karibu na mfereji. Wiki ya pili tu, vioo vya pembeni vikaenda. Kamati ikaketi, tukakubaliana tununue alamu.

Siku ilipofungwa tulifurahi kama watu walioajiri askari. Hatukuuliza inafanya kazi namna gani. Tuliona inalia, tukatosheka. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo karibu limtoe kijana mmoja roho.

KAZI TATU ZA ALAMU

Alamu yoyote, ya bei ya chini au ya juu, ina kazi tatu: kuhisi, kuamua na kuita. Nyingine zina kazi ya nne ambayo ni kuzuia. Tuziangalie moja moja.

Kwanza, kuhisi. Alamu haina macho. Ina vidude vidogo ambavyo mafundi wetu huviita sensa, na kila kimoja kinajua jambo moja tu. Cha kwanza ni swichi ya mlango. Mnajua ile taa ya ndani ya gari inayowaka ukifungua mlango? Swichi inayoiwasha huwa imejificha kwenye fremu, na alamu hutumia swichi hiyo hiyo. Mlango ukifunguka wakati alamu imewekwa, waya unapeleka habari. Swichi kama hiyo huwekwa pia chini ya boneti, ingawa mafundi wengine huiacha ili kupunguza kazi. Yetu iliachwa.

Kidude cha pili kinahisi mtikisiko. Ni kiboksi kidogo kinachofungwa kwenye mwili wa gari. Ndani yake kuna kitu kinachotikisika gari likigongwa na kutoa umeme kidogo sana. Mgongo mdogo, umeme mdogo. Kishindo kikubwa, umeme mwingi. Kiboksi hicho huwa na sehemu ya kuzungusha kwa bisibisi ili kukifanya kiwe chepesi au kizito wa kuhisi. Tafadhali kumbukeni hiyo sehemu ya bisibisi, maana ndiyo kiini cha hadithi yetu.

Magari mengine yana kidude cha tatu kinachohisi gari likiinamishwa, kwa mfano mtu akiliinua kwa jeki ili atoe magurudumu. Mengine yana kidude kinachotoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo inajaa ndani ya gari na kurudi, na mtu akiingiza mkono dirishani inavurugika. Ndiyo maana ukiacha kioo wazi, hata upepo unaweza kuliza alamu ya namna hiyo.

Pili, kuamua. Nyuma ya dashibodi kuna sanduku dogo, ndilo ubongo wa alamu. Linapokea habari kutoka kwa vidude vyote na kujiuliza maswali mawili tu: Je, nimeambiwa nilinde? Na je, habari hii imefikia kiwango nilichowekewa? Likipata ndiyo na ndiyo, linaita. Halina swali la tatu. Haliulizi ni nani aliyetikisa wala kwa nini.

Ubongo huu huamriwa kwa rimoti, ambayo hutuma namba ya siri kwa mawimbi ya redio. Alamu za zamani zilitumia namba ile ile kila siku, kwa hivyo mwizi mwenye mtambo aliweza kuinasa hewani na kuirudia baadaye. Alamu bora hubadilisha namba kila unapobonyeza. Ni kama katibu na mweka hazina walio na daftari mbili zenye maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Kila neno likitumika mara moja linafutwa katika daftari zote mbili. Mtu aliyesikia neno la jana hana faida nalo leo. Mkienda kununua, ulizeni kama namba inabadilika. Muuzaji asipojua, nendeni kwa mwingine.

Kuna ujanja mwingine. Mwizi anaweza kusimama mbali na kidude kinachovuruga mawimbi ya rimoti. Wewe unabonyeza huku unatembea, unadhani umefunga, kumbe gari liko wazi. Dawa yake haina gharama: ngoja usikie mlio na uone indiketa zikiwaka, kisha uvute mpini wa mlango kwa mkono wako kabla hujaondoka.

Tatu, kuita. King'ora kinakaa chini ya boneti, nacho kinaweza kufikia karibu desibeli 120 ukiwa umesimama karibu. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwa kawaida kinalia kwa nusu dakika hivi, kinanyamaza, kisha alamu inarudi kulinda. Sauti hubadilika-badilika kwa sababu sikio huzoea haraka sauti ya namna moja. King'ora kizuri kina betri yake ndogo ndani. Mwizi akikata waya wa betri ya gari, kinaendelea kulia. Cha bei rahisi hakina, na waya ukikatwa kinakufa papo hapo. Chetu kilikuwa hicho cha bei rahisi.

KUITA SI KUZUIA

Hapa ndipo vikundi vingi vinachanganyikiwa. King'ora hakimshiki mwizi mkono. Kinafanya kazi ambayo mama alifanya tangu zamani alipoona mtu gizani: anapiga nduru. Nduru ina nguvu kwa sababu majirani wanatoka. Wasipotoka, ni kelele tu, na mwizi mzoefu anajua ni usiku gani hawatatoka.

Kuzuia ni jambo lingine. Ni kufanya gari lisiwake hata kama mwizi ameshaingia ndani. Mafundi hufanya hivyo kwa kukata njia ya umeme wa stata, wa pampu ya mafuta au wa moto wa injini. Njia rahisi kabisa ni swichi iliyofichwa mahali ambapo dereva pekee anajua. Mtaani huitwa katauti. Ushauri wetu ni kukata kwenye stata. Kifaa kikiharibika gari likiwa barabarani, injini itaendelea kunguruma na mtafika nyumbani. Kikiwa kwenye mafuta au moto wa injini, gari linaweza kuzima katikati ya barabara, nyuma kuna lori.

Magari ya karibuni yana chipu ndani ya kichwa cha ufunguo. Chipu hiyo haina betri. Ufunguo unapokuwa kwenye tundu, koili iliyozunguka tundu inaipa nguvu kidogo, nayo inajitambulisha. Ufunguo uliochongwa bila chipu sahihi unaweza kuzunguka vizuri, lakini injini haitawaka.

Tofauti kati ya kuita na kuzuia imeonekana hata katika nchi nyingine. Huko Marekani, uchunguzi wa madai ya bima uliotolewa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba kwa jumla magari yenye alamu hayakupunguza hasara za wizi. Katika Jumuiya ya Ulaya, kifaa cha kuzuia injini kilifanywa kuwa lazima kwa magari mapya tangu Oktoba 1998. Wachumi wawili wa Uholanzi waliochunguza miaka ya 1995 hadi 2008 walikadiria kwamba kifaa hicho kilipunguza wizi wa magari nchini mwao kwa karibu asilimia 40. Kifaa kisichopiga kelele kilifanya kazi kubwa kuliko kile cha kupiga kelele.

Je, tutupe alamu? Hapana. Katauti haizuii mtu kubeba betri, taa au vioo, na hivyo ndivyo vinavyoibwa sana mahali kama kwetu. Kwa vitu hivyo, kuita bado kuna maana. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuitika, na aitike kwa akili.

YALIYOTUPATA MAKONGENI

Fundi wetu alikuwa na haraka siku ile, nasi tulikuwa na haraka zaidi. Alizungusha ile bisibisi mpaka mwisho, kidude cha mtikisiko kikawa chepesi kabisa. Mwenyekiti akapiga gurudumu teke dogo, alamu ikalia, tukapiga makofi. Tulifikiri kwamba ikiwa nyepesi zaidi ndiyo inalinda zaidi.

Usiku wa kwanza ililia mara nne. Paka aliruka kwenye boneti. Lori lilipita. Mvua ikanyesha, na kila tone kubwa lilikuwa mwizi. Baada ya wiki mbili majirani walianza kutuambia, kwanza kwa upole, halafu si kwa upole. Jirani mmoja aliyekuwa akirudi kazini saa kumi za usiku alituuliza, "Kwani nyinyi mmefunga gari ama mmefunga mtoto mchanga?" Tulicheka. Hatukurekebisha kitu, kwa sababu fundi alitaka pesa nyingine ya kurudi.

Mwezi wa tatu ilikuwa imetufundisha sote kulala. Ikilia, mtu anageuka ubavu mwingine na kusema, "Ni ile tena." Ndipo usiku mmoja ikalia kidogo, ikanyamaza ghafla. Tulishukuru kwamba imenyamaza. Asubuhi tukakuta boneti imekunjwa, waya umekatwa na betri haipo. Mwizi alijua kuliko sisi. Alijua kwamba boneti haina swichi, king'ora hakina betri yake, na mtaa mzima umechoka. Siku tatu hatukwenda Marikiti, na akina mama waliotegemea mboga zile walikaa bila biashara.

Ikiwa hadithi ingeishia hapo, tungeandika somo fupi. Lakini tulikasirika. Tulinunua betri nyingine, na katika mkutano tukaazimia kwamba alamu ikilia tena, kila mwanamume atoke na rungu. Hakuna aliyesema tutafanya nini tukishatoka. Na ile bisibisi ilibaki pale pale mwisho.

Wiki iliyofuata, usiku wa mvua, alamu ililia kwa nguvu. Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Karibu na pikapu tukamkuta kijana amelowa chapachapa. Mtu akasema, "Mwizi!" na neno hilo likatosha. Sisi tunaoandika hapa tulikuwa miongoni mwa waliompiga. Hatutaki kulificha hilo. Kulikuwa na mtu aliyekuja na gurudumu kuukuu, na mwingine alikuwa ameshaenda kutafuta mafuta ya taa.

Aliyetuzuia ni mama mmoja mzee aliyekuwa akipika chapati pale karibu na mfereji. Alijipenyeza na taa yake ya kandili, akasimama katikati, akauliza swali lile ambalo sanduku la alamu haliwezi kuuliza: "Ameiba nini?"

Tukaangalia. Boneti ilikuwa imefungwa. Milango ilikuwa imefungwa. Vioo vilikuwepo. Nyuma ya pikapu, gurudumu la mkokoteni lilikuwa limeegemea bampa. Kijana alikuwa hamali, anarudi na mkokoteni wake, ukamteleza kwenye matope ukagonga gari. Alikuwa akituambia hivyo tangu mwanzo. "Nimegonga tu, wazee wangu, nimegonga tu." Hatukumsikia kwa sababu ya king'ora.

Alivunjika mkono, na meno mawili yakatoka. Kikundi kililipa hospitali, na kililipa kwa wiki ambazo hakuweza kusukuma mkokoteni. Tulikwenda kwake kuomba msamaha, akatupokea kwa adabu. Lakini tangu siku hiyo hatukumwona tena akipita upande wetu. Alikuwa akizungukia njia ya mbali.

Ndugu wapendwa, alamu haikukosea usiku ule. Iliambiwa iseme gari likitikisika, na gari lilitikisika. Aliyesema "mwizi" ni sisi.

TULIVYOREKEBISHA

Kesho yake tulimwita fundi mwingine, mzee anayefanya kazi ya umeme wa magari, akakaa nasi nusu siku. Haya ndiyo aliyotufundisha, nasi tunawapa kama yalivyo.

1. Wekeni kidude cha mtikisiko kwa majaribio. Anzeni na kiwango kizito, ambacho hata pigo la ngumi haliizindui alamu. Ongezeni wepesi kidogo kidogo. Alamu isilie mtu akiegemea gari, mtoto akigusa, mvua ikinyesha au lori likipita. Ilie kioo kikigongwa kwa nguvu au boneti ikilazimishwa. Fanyeni jaribio mchana, halafu tena usiku wa kwanza wa mvua.

2. Ombeni hatua mbili. Vidude vingi vina uwezo huo: pigo dogo linatoa milio mifupi ya kuonya, pigo kubwa linatoa king'ora kizima. Mwenye nia mbaya anaondoka kwa onyo, na aliyegonga kwa bahati mbaya anapata nafasi ya kusema pole.

3. Hakikisheni swichi ya boneti ipo. Anayefungua boneti yenu usiku hakuifungua kwa bahati mbaya.

4. Nunueni king'ora chenye betri yake. Kifungwe ndani mahali mkono haufiki kutoka chini, mdomo wake ukiangalia chini ili maji yasikae.

5. Waya wote uwe na fyuzi, na viungo vifungwe vizuri kwa tepu au kulehemiwa. Waya uliosokotwa tu kwa mkono unaweza kuunguza gari zima. Mwambieni fundi awachoree karatasi inayoonyesha kila waya umepita wapi. Karatasi hiyo isikae garini. Mweka hazina aitunze pamoja na karatasi za gari.

6. Msisahau kwamba alamu inakula betri hata ikiwa kimya. Ikitumia sehemu 20 za elfu moja za ampea, kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa, na kwa mwezi kama 15. Betri ndogo ya 45 itakuwa imepoteza theluthi. Gari likilala muda mrefu bila kuwashwa, waya wa betri utolewe, na gari lilale ndani.

MAMBO YASIYOHITAJI UMEME

Kabla ya kununua kifaa cha bei, fanyeni haya kwanza. Chongeni namba ya gari kwenye vioo vyote vya pembeni na vya milango. Nairobi kazi hii hufanywa hata kando ya barabara, na kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuza. Tengenezeni kizimba cha chuma cha betri chenye kufuli. Egesheni mahali penye mwanga na palipo na dirisha la mtu. Pikipiki ifungwe kwa mnyororo kwenye kitu kisichong'oka, mnyororo upite kwenye fremu pamoja na gurudumu.

Lingine ni gumu kulisema, lakini ni la kweli. Mwizi wa vioo anaiba kwa sababu kuna mnunuzi. Kikundi kinachonunua taa au kioo kwa bei ya ajabu bila risiti kinaweza kuwa kinalipa mshahara wa mtu atakayerudi kwao wiki ijayo. Nunueni vipuri penye risiti, na risiti iingie kwenye faili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la mwisho hapa: alamu na katauti ni za gari lililoegeshwa. Mwanachama akisimamishwa na majambazi wenye silaha, atoe ufunguo, ashuke polepole, asibishane. Gari linaweza kununuliwa tena.

ALAMU IKILIA, TUFANYE NINI?

Hili ndilo jambo ambalo hatukulizungumza, nalo lilitugharimu. Sasa tuna mapatano yaliyoandikwa. Wanaotoka ni watu wanne wa zamu, si mtaa mzima. Mmoja ana tochi yenye nguvu. Mmoja ana rimoti, na kazi yake ya kwanza ni kuzima king'ora ili watu wasikizane. Mmoja ana simu, tayari kupiga 999 au 112. Wa nne anaangalia gari: boneti, milango, vioo, magurudumu. Hakuna anayegusa mtu kabla ya huyo wa nne kusema alichoona. Na neno "mwizi" halitajwi kabisa. Tunauliza, "Wewe ni nani, na kumetokea nini?"

Sheria yetu ya Kenya iko wazi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, vifungu vya 34 na 35, inamruhusu mwananchi kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa kama wizi mbele ya macho yake. Lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi au ampeleke kituoni bila kuchelewa. Kwetu kituo kilikuwa pale pale Makongeni, dakika chache kwa miguu. Hatukuwa na sababu ya kuchukua rungu. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Anayeua mtu kwa ajili ya betri ni muuaji, hata kama walikuwa hamsini pamoja naye, na hata kama yule mtu alikuwa mwizi kweli.

Tangu mwaka wa 2013 Serikali ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi, majirani wengi wana mahali pa kukutania na kujuana. Pelekeni jambo hili huko. Waonyesheni majirani gari lenu, waache waisikie alamu mchana, waambieni mmeiweka iwe nzito na kwa nini. Jirani aliyeelezwa ataamka. Jirani aliyechoshwa hataamka.

TUKIKUMBUKA

Alamu ni sikio na mdomo. Macho na akili ni vyetu. Ikiwekwa nyepesi mno, inafanya mambo mawili mabaya: inawalaza watu siku mwizi akija, na inawaamsha kwa hasira siku ambayo hakuna mwizi. Kwa hivyo zuieni kwanza kwa kufuli, namba na katauti, kisha ndipo mweke alamu, na siku hiyo hiyo mkubaliane nani anatoka na anauliza nini.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA MKUTANO WENU

1. Mali yetu ya pamoja inalala wapi usiku, na ni dirisha la nani linaliona eneo hilo?

2. Kama tuna alamu, mara ya mwisho ililia kwa sababu gani? Nani alitoka?

3. Je, kuna mtu katika kijiji chetu aliyewahi kupigwa kwa kudhaniwa mwizi? Anaishi vipi leo, na je, kuna aliyemwomba msamaha?

4. Vipuri vya gari au pikipiki yetu tumenunua wapi? Risiti ziko?

5. Tuandike watu wanne wa zamu, na tufanye jaribio moja kabla ya mkutano ujao.

Tunawatakia kazi njema. Na yule mama wa chapati, ikiwa mtu atamsomea somo hili, ajue kwamba swali lake tumeliandika ukutani katika ofisi yetu.